Pini Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji,

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka kumi na tisa, na nimelificha vizuri. Kazi yangu ilikuwa kufichua ya watu, kwa hiyo najua mtu anavyoficha: hasemi uongo mwingi. Anasema mmoja tu, kisha anaulinda. Sasa nimechoka ulinzi. Daktari ameacha kunitajia majina ya dawa, siku hizi ananiuliza tu kama nimelala vizuri. Daktari akifika hapo, ujue ameshafunga faili.

Naandika kwa sababu simu siisikii tena. Binti yangu akinisogezea sikioni nasikia mvua juu ya bati, basi. Barua hii ataipeleka stendi, ije huko kwenu na basi la asubuhi.

Nikueleze kwanza kilichonichokoza. Jana alifunga safari kuja kuniona yule dada anayejiita Mratibu. Kile kituo chetu cha msaada wa kisheria kinafunguliwa upya, chumba kile kile, wamekipaka rangi na kubadilisha mlango. Wamepata watu ishirini wa kujitolea, na wanatafuta mtu wa kuwafundisha usaidizi wa kisheria wa kweli, si wa vitabuni: namna ya kumsikiliza mtu anayelia, namna ya kuandika barua ambayo hakimu ataisoma mpaka mwisho, namna ya kumtafuta shahidi anayejificha. Nilidhani amekuja kuniomba mimi. Nikajiinua kitandani, nikavaa miwani.

Akasema, "Mzee, tunamtaka shemeji yako, Fundi. Tumemwomba mara mbili, amekataa. Anasema mtu asiyejua kuhesabu hadi kumi na nne asifundishe wenzake. Wewe ni mkubwa wake, tusaidie kumshawishi. Tunafunga orodha tarehe thelathini na moja."

Nikavua miwani. Shemeji, nina miaka themanini na moja, nakojoa kwa mpira, na bado niliona wivu.

Sasa jambo lenyewe. Nitalieleza kana kwamba hukuwepo, maana ndivyo nilivyofundishwa kuandika. Mlinzi wa ghala alihukumiwa kifungo cha miaka minne kwa kuiba pampu ya maji usiku wa zamu yake. Mimi nilikuwa wakili msimamizi wa kituo. Wewe ulikuwa fundi cherehani mwenye mafunzo ya wiki mbili ya usaidizi wa kisheria. Ni wewe uliyekwenda zahanati, ukafunua rejista ukurasa kwa ukurasa, ukakuta kwamba saa ile pampu ilipoibwa yule bwana alikuwa kwenye foleni ya daktari na mtoto mwenye degedege. Tulikuwa na siku kumi na nne za kuwasilisha notisi ya rufaa. Uliileta mezani kwangu siku ya kumi na tano. Nikakuambia, mbele ya mke wa Mlinzi, "Shemeji, jana ndiyo ilikuwa mwisho." Ukaiweka karatasi, ukavua futi uliyokuwa umeivaa shingoni, ukatoka. Hukurudi tena. Mlinzi alitumikia kifungo chake.

Nilichokuficha ni hiki: kuchelewa hakukuwa mwisho. Sheria ina mlango wa pili. Unaomba mahakama ikuongezee muda, unatoa sababu, na kwa ile rejista wangetuongezea bila ubishi. Mafunzo yako ya wiki mbili hayakufika huko. Mimi niliujua mlango huo kama ninavyoujua mlango wa chumba hiki, nikanyamaza.

Kwa hiyo lawama ni yangu. Nenda ukafundishe.

Shemeji yako,
Wakili


Jumapili, 9 Machi

Shemeji Wakili,

Shikamoo. Barua yako imenikuta na gauni la biharusi mapajani. Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nililia. Ya pili nilikutukana, na tusi lenyewe lilikuwa refu, nisamehe, hata cherehani ilinyamaza. Ya tatu niliisoma polepole kama unavyosoma wewe, nikaona nimekusamehe. Mgonjwa hadaiwi. Na kunyamaza si kazi ngeni kwa wanaume wa ukoo wenu. Marehemu mume wangu aliumwa jino mwaka mzima tukidhani amenuna.

Lakini kufundisha siendi. Wewe uliacha kufungua mlango wa pili, sawa. Wa kwanza niliufunga mimi.

Umesahau nilivyokuwa nahesabu? Wewe ulikuwa na kalenda yako ya ukutani, mimi nilikuwa na pini. Kila kesi yenye tarehe niliikatia kipande cha kitambaa, nikachomeka pini kwa idadi ya siku zake, nikakitundika kwenye msumari juu ya kiti changu. Kila siku nachomoa moja. Jumatatu nachomoa tatu, yaani ya Jumamosi, ya Jumapili na ya siku yenyewe. Pini zikiisha, siku zimeisha. Marehemu alikuwa anawaambia watu, "Mke wangu anashona sheria." Na kwa kesi thelathini na mbili hazikunidanganya hata mara moja.

Ile Jumatatu ya mwisho nilichomoa tatu, ikabaki moja. Nikasema moyoni, kesho. Benchi lilikuwa limejaa, kuna mama alikuwa na mapacha mgongoni na kifuani, nikasema nihudumie hawa, gerezani kwa Mlinzi nitakwenda kesho asubuhi akaweke sahihi. Nikaenda. Akaweka. Nikakimbia mpaka kandambili ikakatika, nikakufikia na mguu mmoja mtupu. Ukasema jana ndiyo ilikuwa mwisho.

Nilipofika nyumbani nilikitoa mfukoni kile kitambaa, nilichokuwa nimekwenda nacho gerezani, nikakishika dirishani, nikahesabu matundu jozi kwa jozi. Kumi na tano, Shemeji. Fundi mzima, aliyeshona sare za shule tatu, alichomeka pini kumi na tano akidhani kumi na nne. Tangu siku hiyo sipimi mtu mara moja. Napima mara mbili, halafu namwambia mteja asome futi mwenyewe. Wananicheka, wanasema Fundi amezeeka. Sikuzeeka, niliogopa. Binti wa Mlinzi nimemshonea sare mpaka amemaliza shule, na kila pindo niliona kama naandika barua ya kuomba radhi.

Sasa unataka nisimame mbele ya watu ishirini nifundishe nini? Kuhesabu?

Na hiyo habari ya wivu imenichekesha. Mtu uliyesoma mpaka miwani ikaomba likizo, unamwonea wivu mshona mapindo? Kunywa dawa zako.

Fundi


Alhamisi, 13 Machi

Shemeji,

Usinicheke. Nikueleze wivu, maana unadhani ni neno la mgonjwa tu.

Mdogo wangu, mumeo, alitutengenezea mabenchi mawili. Alikuwa seremala wa haki: mbao za mti mmoja, urefu mmoja, hata misumari aliihesabu. Lako aliliweka kulia kwa mlango, langu kushoto. Saa mbili asubuhi lako limejaa, watu wamebanana kama vidole. Langu lina mtu mmoja, naye amekaa upandeupande akiangalia kwako. Nimewahi kuona mzee mwenye fimbo amesimama saa nzima kusubiri nafasi kwenye benchi lako, na langu liko tupu hatua tatu kutoka pale. Nilikuwa namsikia kila anapohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Kuna siku ulimwambia mama mmoja, "Nenda kwa yule pale, yeye ndiye mwanasheria." Hakujua kwamba nasikia. Akasema, "Yule ni wa mihuri. Mimi namsubiri wakili." Kisha akakunyoshea kidole wewe.

Mimi nilisoma miaka kumi na saba. Baba aliuza shamba la juu nisome, na mdogo wangu akaacha shule akashike randa. Kisha mke wa huyo huyo mdogo wangu, aliyekaa darasani wiki mbili na kupewa cheti cha karatasi nyepesi, ndiye anayeitwa wakili. Wakati mwingine nilikuwa napita sokoni, naitikia jina langu, kumbe linaitwa nyuma yangu.

Kwenye rasimu yako ya kesi ya Mlinzi uliandika: "Mheshimiwa, mtu hawezi kuwa mahali pawili, hata angekuwa na haraka namna gani." Niliifuta sentensi hiyo kwa wino mwekundu, nikakuambia mahakamani hakuandikwi hivyo. Unajua nimeisema mara ngapi mahakamani baada ya hapo? Mawakili wenzangu walikuwa wananipongeza. Mmoja aliinakili kwenye daftari lake, akaandika chini yake jina langu. Sikumsahihisha.

Hata majuzi, Mratibu alipokutaja, nilijikuta nahesabu kasoro zako kwa vidole chini ya shuka. Nilifika mbili. Hujui kunyamaza mtu akikosea, na chai yako ina sukari nyingi.

Basi hayo ndiyo yaliyonifunga mdomo siku ile. Kuhusu pini, usijitese. Kila mtu hukosea hesabu. Ni jambo la kibinadamu, halihitaji kupimwa tena baada ya miaka yote hii. Waambie kituoni kwamba mzee amekiri, uende.

Wakili


Jumanne, 18 Machi

Shemeji Wakili,

Shikamoo, na pole na usiku. Binti yako ameniambia unakohoa mpaka majirani wanasema pole.

Nikuambie kitu ambacho labda kitakuuma, lakini tumeshaamua kuambiana. Wale watu wachache waliokuwa wanakaa kwenye benchi lako, wengi wao niliwatuma mimi. Nilikuwa nawaambia, "Nendeni kwa kaka, yeye ndiye mwenye sheria, mimi nina sindano tu." Wengine walikuwa wanarudi. Nikiwauliza kulikoni, wanasema, "Fundi, yule anatusomea. Yeye hatusikilizi." Nikawa nawafundisha: mkifika, msalimieni kwanza, mwiteni Mheshimiwa, msianze na kilio, anzeni na tarehe, kaka anapenda tarehe. Nilikuwa nakutafutia watu kama mtu anavyomtafutia kaka yake mchumba. Sikujua unahesabu.

Na wewe nilikuonea wivu pia. Hukuwa unahangaika na pini. Unaangalia ukuta, unajua leo ni lini.

Sasa nisikilize. Barua yako ya mwisho ina kitu kimenikaa kooni. Kurasa mbili umeeleza benchi, fimbo ya mzee, wino mwekundu, hata chai yangu. Ulipofika kwenye pini umepita mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Hiyo si kawaida yako. Wewe hata risiti ya mkaa ulikuwa unaisoma pande zote.

Basi nikakitoa kile kitambaa. Ninacho bado, kiko kwenye kopo la vifungo. Ni cha suruali, kijivu, kizito, kile ambacho pini ikiingia haisahauliki. Nimevaa miwani miwili, yangu na ya jirani. Pini, kama unavyojua au hujui, huacha matundu mawili, pa kuingilia na pa kutokea, na pa kuingilia pana upana zaidi kwa sababu ndipo unapoisukuma. Pini zangu kumi na nne zimeingilia kulia zikatokea kushoto, zimepangana kama watoto wa shule. Ile ya mwishoni kabisa imeingilia kushoto ikatokea kulia. Na imekwenda juu kidogo, haiko kwenye mstari.

Nimejiambia labda siku ile nilikuwa naichomeka huku nasalimia mtu. Lakini nimejaribu leo asubuhi kwenye kitambaa kingine, kwa kusalimia mtu, kwa kusimama, hata kwa kufumba macho. Mkono wangu haujui kwenda huko.

Nakitumia kwako ndani ya bahasha hii. Macho yangu yamechoka. Wewe uliyesoma, niangalizie. Ni nini hiki?

Mratibu simjibu mpaka nipate neno lako.

Fundi


Ijumaa, 21 Machi

Kwa Mzee Wakili,

Shikamoo Mzee. Natumaini hali inaendelea vizuri.

Nakuandikia kukukumbusha lile ombi. Jana nilikwenda kwa Fundi kwa mara ya tatu. Safari hii hakusema hapana. Alisema, "Namsubiri shemeji yangu aniambie kama najua kuhesabu." Sikumwelewa, lakini nimefurahi kwamba ni wewe anayekusubiri, maana naona anakuheshimu sana.

Mzee, nisipompata, itabidi nimchukue mtu mwingine kutoka nje, mwenye vyeti. Ni mtu mzuri. Ila wale ishirini wote wamesikia habari za Fundi kutoka kwa mama zao. Mmoja aliniuliza, "Ni kweli alikuwa anatundika kesi kwenye msumari?"

Tarehe thelathini na moja, Mzee.

Wako mtiifu,
Mratibu


Jumatatu, 24 Machi

Shemeji,

Kitambaa nimekipata. Nimekiangalia kwa muda mfupi, macho hayanisaidii. Kipande cha nguo kilichokaa kwenye kopo miaka kumi na tisa kinaweza kupata tundu kwa njia nyingi: kifungo chenye ncha, panya, mtoto wa jirani. Mimi katika kazi yangu nisingekipokea kama ushahidi. Mnyororo wa utunzaji wake haujulikani, yaani kimepita mikononi mwa nani na nani.

Nakushauri usilifuatilie. Nilichokiri kinatosha kukuondolea lawama. Mwambie Mratibu ndiyo.

Nimeandikiwa naye. Anasema mama zao wote wanakutaja. Sijui kama kuna anayemtaja mtu wa mihuri.

Nimechoka leo.

Wakili


Alhamisi, 27 Machi

Shemeji,

Panya hachomi matundu mawili yanayotazamana.

Mlinzi alikuwa hapa jana, ameniletea kiatu changu alichokishona kisigino. Nilimsomea barua yako ya kwanza, maana inamhusu kuliko inavyonihusu mimi. Akageuza kile kiatu mkononi. Kisha akasema, "Kwa hiyo wakili alinifunga kwa kunyamaza. Mwambie nimesikia." Alipofika mlangoni akarudi. "Lakini na wewe, Fundi. Miaka yote hii kila nikikutazama, uso wako unaniomba radhi. Unanichosha. Mimi nilitoka gerezani, wewe bado umo."

Sikuuliza kama nina lawama au sina. Nimekuuliza ile pini imeingilia upande gani, na wewe umenijibu habari za panya.

Marehemu aliwahi kuniambia, "Kaka yangu alipokuwa mdogo alichapwa shuleni mpaka akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia. Lakini kijiko, nyundo, ufunguo, vyote alivishika kwa ule mwingine. Ndiyo maana tulimwita Shoto." Alikuwa anakuita hivyo mpaka siku anakufa. Mimi sijawahi, kwa heshima.

Sitakuuliza tena.

Fundi


Jumamosi, 29 Machi

Shemeji,

Barua hii nimeiandika mara tatu kwa mkono wangu, kwa siku mbili: moja yako, moja ya Mlinzi, moja ya Mratibu. Zote zinaondoka na basi la leo. Nimefanya hivyo kwa sababu nakujua. Ningekuandikia wewe peke yako, ungeifungia kwenye kopo la vifungo ili usinitie aibu, kisha ungeendelea kupima watu mara mbili.

Barua ya tarehe ishirini na nne ilikuwa ya mwoga. Ya tarehe tatu pia. Nilikukiria kosa dogo ili uache kulitafuta kubwa. Ni mbinu ya zamani, nimewafundisha wateja wengi.

Ijumaa ile kabla ya siku ya mwisho hakimu alikuja kituoni, unakumbuka? Alisimama mlangoni akasema kwa sauti, "Wakili, barua yako kuhusu yule mama wa kiwanja nimeisoma mpaka mwisho." Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikamnyoshea mkono. Akanipita. Akaja kwako, akakushika mkono wako uliokuwa na chaki ya kushonea. Benchi lako lote likapiga makofi. Na langu pia, yule mmoja aliyekuwepo. Mimi nilibaki nimesimama na mkono wangu hewani, nikajifanya naufikia mhuri. Jumamosi na Jumapili sikula vizuri.

Jumatatu nilifika saa moja na nusu. Ufunguo ulikuwa wangu, mlango niliufungua mimi. Vitambaa vyako vilikuwa kwenye msumari wake, cha kijivu mbele. Kilikuwa na pini tatu. Nilijua maana yake vizuri kuliko unavyodhani, maana nilikuwa nimekutazama ukihesabu kesi thelathini na mbili, na nilikuwa nahesabu pamoja nawe. Ukifika ungechomoa zote tatu, ungekiona kitambaa kitupu, ungewaacha watu wa benchi na mapacha wao ukimbilie gerezani. Kabla ya saa sita notisi ingekuwa mezani kwangu, mimi ningegonga mhuri, Mlinzi angetoka, na mji mzima ungesema Wakili amemtoa, na Wakili huyo ni wewe.

Shemeji, sikutaka afungwe. Nilitaka uchelewe siku moja tu. Maombi ya kuongezewa muda nilikuwa nimeyaandika Jumapili, nimeyapiga chapa, yako kwenye droo ya kushoto. Nilikusudia Jumanne niwaache mlie kidogo, wewe na mke wa Mlinzi, kisha nisimame niseme: msilie, sheria ina mlango wa pili, na mwenye ufunguo ni mimi. Nilifanya hata mazoezi ya kulisema.

Ila wewe hukulia. Ulivua futi ukatoka na kandambili moja. Na kabla sijafungua droo, watu wako waliinuka mmoja mmoja, wakavuka chumba, wakaja kukaa kwangu. Walikuwa kumi na mmoja. Mzee mwenye fimbo alikuwa wa kwanza, alikaa akashusha pumzi, akaniambia, "Wakili, nina shida." Ilikuwa mara ya kwanza kwenye chumba kile jina hilo kuelekezwa kwangu. Nikasema maombi nitayapeleka kesho. Jumatano benchi likajaa tena. Nikasema Alhamisi. Wiki iliyofuata niliyachana vipande vidogo nikavichoma kwenye jiko la chai, na nikawa namwambia kila anayeuliza kwamba Fundi alikosea hesabu, maskini, si mtu wa shule.

Benchi langu lilijaa miezi minne. Kisha watu wakaacha kuja, lako likabaki tupu na langu likawa tupu, na kituo kikafungwa. Kwa nini kilifungwa, hilo nalo sikukuambia.

Sikuombi unisamehe, ulishanisamehe kosa lisilokuwa lenyewe na sijui kama msamaha unahamishika. Mlinzi asipotaka kuja kunizika, asilaumiwe. Nakuomba kitu kimoja: Jumatatu tarehe thelathini na moja, kabla orodha haijafungwa, vaa futi yako shingoni uende. Ukifika, tundika kitambaa msumarini. Watakuuliza kama unajua kuhesabu. Waonyeshe kile cha kijivu, nimekirudisha ndani ya bahasha hii. Nimekiangalia dirishani, kwenye mwanga wa mchana, kwa saa nzima, na macho yangu yanaona vizuri sana. Pini zako zilikuwa kumi na nne.

Kikapu chako cha pini kilikuwa juu ya daftari la wageni. Nilichagua moja, nikakishika kitambaa kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto, ule waliouchapa shuleni wasiushinde, nikaichomeka baada ya ile ya tatu. Tundu la kumi na tano ni langu.

Shoto